KOVU USONI: KABLA HUJAKIMBILIA MKOROGO, SOMA HAPA!

Kovu likiwa gotini hakuna mwenye habari nalo. Likiwa usoni kila mtu ni hakimu! Pita nalo Kariakoo, mtaa wa Kongo, muda ule pamefurika, uone kina mama wanavyobana pochi kwapani.

Mimi ninalo. Linaanzia chini ya jicho la kushoto hadi karibu na taya. Nililipata nikiwa abiria wa bodaboda iliyovaana na guta, lakini nani ana muda wa kusikiliza stori hiyo? Kwa wengi, kijana mwenye mchoro shavuni ni kibaka aliyepitiwa na wembe. Na mjini hapa tunajua neno 'mwizi' likishapigiwa kelele kinachofuata ni mawe na tairi. Kwa hiyo anayesema hili ni suala la urembo tu, aniazime sura yake wiki moja.

Nilipoanza kufuatilia habari hii nilikwenda Feri, sehemu ya wakaanga samaki. Pale usipime! Karai kubwa, mafuta yanachemka, samaki bado ana maji akitumbukizwa ni cheche mtindo mmoja. Wengi wana alama mikononi, wachache usoni. Dada mmoja ana kovu kidevuni lililovimba na kung'aa. Anasema wateja humwuliza ni mume gani kamfanya hivyo, na mume wenyewe hana! Keshapaka dawa ya meno, ute wa yai na krimu ya kikopo aliyouziwa Kariakoo. Krimu ikamweupisha pembeni, kovu likabaki pale pale, sasa linaonekana zaidi.

Hapo ndipo wengi tunapoliwa pesa. Kovu si uchafu wa kusugua. Ni nyama mpya ambayo mwili umeitengeneza kuziba pengo, na ikiwa ndani ya ngozi, mkorogo hauifikii. Krimu nyingi za kung'arisha zinawekwa zebaki au haidrokwinoni, vitu ambavyo vimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini. Tangu 2019 kazi ya kusimamia vipodozi iko chini ya Shirika la Viwango, TBS, lakini vikopo bado utaviona vinapita kwenye mabegi. Nyingine zina dawa kali za jamii ya steroidi, zinakonda ngozi nzima mpaka mishipa inachungulia.

Sasa tiba yenyewe. Kwanza ujue lako ni kovu gani. Kuna la kubonyea, kama yanayoachwa na chunusi au tetekuwanga. Kuna la kuvimba lakini halivuki mipaka ya kidonda, hilo mara nyingi hutulia lenyewe baada ya miezi. Na kuna keloidi, 'mbabe' wa yote, linalotambaa hadi kwenye ngozi ambayo haikuumia kabisa. Sisi weusi ndio linatupenda hasa: masikioni baada ya kutoga, kwenye taya baada ya kunyoa, kifuani, mabegani.

Keloidi usikubali likatwe tu basi. Likikatwa bila tiba nyingine, mara nyingi linarudi, na linaweza kurudi kubwa kuliko la kwanza. Dawa inayoanza ni sindano ya triamsinoloni, inachomwa ndani ya kovu lenyewe kila baada ya wiki nne hadi sita, mara kadhaa. Langu ni la kuvimba, si keloidi, nami nimeshachomwa mbili. Jamani inauma! Kovu ni gumu, dawa inasukumwa kwa nguvu, machozi yanatoka bila kuitwa. Lakini limelala kidogo na mwasho umepungua. Uliza mapema kuhusu madhara: ngozi ya hapo inaweza kubonyea au kupauka kwa muda. Keloidi sugu hukatwa, kisha hufuata sindano au mionzi ili lisirudi.

Kuna pia karatasi au jeli ya silikoni. Haina maumivu, ila inataka uvumilivu: inabandikwa saa nyingi za siku, kwa miezi miwili mitatu au zaidi. Wenye pilikapilika za Feri na jasho lile watapata tabu, bora waibandike usiku. Leza ipo, ila kwa ngozi nyeusi ikishikwa na asiyeijua inaacha madoa au kuunguza. Muulize mwenye mashine ameshatibu weusi wangapi, asipokuwa na jibu, aga!

Upasuaji nao una nafasi yake. Kovu linalovuta kope au mdomo, kama la moto, si la krimu wala sindano. Daktari hulikata kwa mtindo wa herufi Z ili mvuto ulegee, au hupandikiza ngozi. Muhimbili wanayo kazi hiyo, na CCBRT kule Msasani wanajulikana kwa kurekebisha majeraha ya moto na midomo sungura. Kwa watu wa Kaskazini, pale KCMC Moshi kipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992. Fani hii si ngeni kwetu. Wale madaktari wa ndege wa AMREF walianzishwa mwaka 1957 na wapasuaji watatu wa kurekebisha maumbile, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees. McIndoe ndiye aliyewatengeneza nyuso marubani walioungua katika Vita Kuu ya Pili.

Ila usiende ukitaka kisu kesho. Kovu huendelea kubadilika mwaka mzima hadi mwaka na nusu, na kama halikuzuii kula wala kufumba jicho, daktari mzuri atakwambia usubiri kwanza. Na hakuna atakayelifuta kabisa. Wanalipunguza, wanalisogeza kwenye mkunjo wa uso lisionekane sana. Anayekuahidi kulifuta ana kikopo mfukoni.

Wewe uliyeumia leo ndiye mwenye bahati. Ukiungua, maji safi ya bomba yatiririke hapo dakika 20, achana na dawa ya meno. Ukichanika, ukaoshwe na kushonwa siku hiyo hiyo, na kama ni ajali au ugomvi, pitia polisi uchukue PF3 maana utaulizwa. Nyuzi za usoni hutolewa siku ya tano hivi, usizisahau, zikikaa zinaacha alama kama reli. Kidonda kikifunga, likinge na jua miezi ya mwanzo, maana jua hulifanya jeusi. Kofia ya pama hapo Kariakoo hazikosi, na kwa jua la Dar hata asiye na kovu hatakucheka.