Lambo la Shamba na Daraja Lake la Hatari

Katika viunga vya Dar es Salaam, upande wa Kinondoni na upande wa Temeke, yako mabonde madogo ambayo mwenye shamba aweza kuyakinga kwa tuta la udongo, akapata lambo la kunyweshea ng'ombe na bustani. Jambo hilo ni jema, wala hatuna nia ya kulizuia. Lakini yafaa tueleze maana ya daraja la hatari, maana wengi hulifahamu kinyume.

Mtu akiambiwa kwamba lambo lake ni la hatari kubwa, huona ametukanwa, kana kwamba tuta lake ni bovu. Sivyo. Katika nchi nyingi daraja hilo halisemi tuta ni zima au ni bovu. Lasema ni madhara gani yatakayotokea likibomoka. Tuta imara lililo juu ya nyumba 20 lina daraja kubwa. Tuta bovu lililo juu ya pori tupu lina daraja dogo. Huko Afrika ya Kusini, lambo ambalo tuta lake limepita kimo cha mita 5, yaani futi kama 16, nalo laweza kuweka maji zaidi ya mita za ujazo 50,000, huangaliwa na Serikali. Kisha huulizwa, je, likibomoka watakufa watu wangapi? Wakidhaniwa kuwa zaidi ya 10, hatari ni kubwa. Kanuni za Kenya za mwaka 2007 zilitazama kimo na wingi wa maji. Kipimo hicho ni chepesi, ila sisi twaona kina upungufu, kwa kuwa kamba ya kupimia haihesabu watu walio bondeni.

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, huko Solai katika Nakuru, bwawa la udongo lililoitwa Patel, mali ya shamba la watu binafsi, lilibomoka baada ya mvua nyingi. Watu wapatao 48 walikufa.

Sasa tutazame kwetu. Wakazi wa Dar es Salaam walihesabiwa 4,364,541 mwaka 2012, na mwaka 2022 wakawa 5,383,728. Watu hao hujenga pembezoni, hata mabondeni. Basi lambo lililochimbwa juu ya mikorosho na majaruba ya mpunga laweza kujikuta juu ya vyumba vya kupanga. Mwenyewe hakuongeza hata karai moja la udongo, na lambo lake limepanda daraja.

Tuta la udongo huharibika kwa njia mbili hasa. Ya kwanza ni maji kupita juu yake, na hii hutokea pale utoro wa maji, yaani njia ya kutolea maji yaliyozidi, ulipo mwembamba, au umezibwa na majani, au (tumekwisha kusikia habari hizi) umezibwa kwa makusudi ili samaki wasitoke. Ya pili ni maji kupenya ndani. Tuta kutoa jasho kidogo chini si ajabu, na maji yakiwa meupe hakuna haja ya kukimbia. Lakini yakitoka na tope, ujue yanabeba udongo wa tuta lenyewe, na shimo linaongezeka ndani mahali usipopaona. Hapo watu wa bondeni waondolewe kwanza, ndipo fundi aitwe. Miti mikubwa nayo isiachwe kuota juu ya tuta, kwani mizizi ikioza huacha njia za maji. Mchwa hufanya vivyo hivyo.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya mwaka 2009, ina sehemu ihusuyo usalama wa mabwawa, na kwa Dar es Salaam ofisi ihusikayo ni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Mwenyekiti wa mtaa au mwalimu aonaye lambo lisilojulikana na aiandikie kabla ya masika. Barua haihitaji maneno mengi: jina la bonde, kimo cha tuta, hali ya utoro, na hesabu ya nyumba zilizo chini yake.