Kabla ya Kuongeza Kifurushi, Hamisha Ruta

Siku hizi ruta imeingia katika nyumba nyingi za parokia zetu. Pamoja nayo yameingia malalamiko yaleyale: sebuleni mtandao unakimbia, chumba cha nyuma hakuna kitu. Mwenye nyumba huamua kununua kifurushi kikubwa zaidi. Mwisho wa mwezi gharama imepanda, na chumba cha nyuma kiko vilevile. Sisi tunaosoma falsafa tunafundishwa kutafuta sababu kabla ya kutaja dawa, na hapa somo hilo linaweza kuokoa fedha ya familia.

Kwanza tutofautishe mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Lipo la intaneti kufika nyumbani, ama kwa waya wa faiba, ama kwa laini ya simu iliyo ndani ya ruta. Na lipo la WiFi, yaani mawimbi ya redio yanayotoka kwenye ruta hadi kwenye simu yako. Kifurushi kinahusu lile la kwanza peke yake. Ili kujua tatizo liko wapi, simama hatua mbili kutoka kwenye ruta, ufungue video. Kisha nenda chumba cha nyuma ufungue ileile. Ikienda vizuri pale na kugoma huku, kasoro ni ya WiFi na kifurushi hakitaitibu. Ikigoma hata kando ya ruta, hapo ndipo pa kuzungumza na kampuni inayokuuzia huduma.

Kwa nini mawimbi hudhoofika? Sababu ya kwanza ni umbali. Mahali pa wazi, ukiongeza umbali mara mbili, nguvu inayokufikia hubaki robo tu. Sababu ya pili ni vizuizi. Mbao na jipsamu huyapitisha mawimbi kwa urahisi. Ukuta wa tofali huyapunguza, na zege lenye nondo huyapunguza zaidi. Bati na chuma huyarudisha yalikotoka. Maji huyanyonya, kwa hiyo tangi au mapipa yaliyojaa ni kizuizi kweli. Hata kioo cha kujitazamia kina tabaka la metali kwa nyuma. Tena, mawimbi yakiupita ukuta kwa mshazari hukutana na unene mkubwa kuliko yakiupita moja kwa moja. Kwa hiyo usihesabu mita tu. Chora mstari kutoka kwenye ruta hadi kwenye kiti unachokalia, uhesabu kilichomo katikati.

Kutokana na hayo, mahali pazuri pana sifa tatu: pawe katikati, pawe juu, pawe wazi. Ruta iliyobandikwa kwenye ukuta wa mbele hutuma sehemu kubwa ya mawimbi yake barabarani. Nyumba yenye korido ya katikati tayari ina mahali pake, kwa kuwa milango ya vyumba hufungukia hapo. Iweke kwenye rafu yenye urefu wa mita moja na nusu hadi mbili. Usiifiche kabatini, nyuma ya televisheni wala juu ya friji. Fundi wa faiba hupenda kuifunga pale waya unapoingilia, maana ndiko kazi inakoisha mapema. Mwombe avute waya hadi katikati kabla hajatoboa ukuta.

Antena nazo zina tabia yake. Mawimbi hutoka kwa nguvu ubavuni mwa antena, na kwa unyonge kwenye ncha yake. Kuielekeza ncha kwenye chumba cha mbali, kama mtu anayenyoosha kidole, ni kukinyima chumba hicho. Katika nyumba ya chini simamisha antena wima. Kama kuna ghorofa, moja isimame na nyingine ilale, ili ile iliyolala ihudumie juu na chini.

Ruta ya laini ya simu ina ugumu wake, kwa sababu inahitaji mambo mawili kwa pamoja: kuusikia mnara wa simu na kusikiwa na watu wa nyumbani. Mara nyingi huusikia mnara vizuri zaidi dirishani. Basi jaribu madirisha yote, kisha kati ya yale yanayofaa uchague lililo karibu zaidi na katikati ya nyumba. Ikinge na jua kali na mvua.

Ruta nyingi za sasa hutuma kwa masafa mawili. Yale ya gigahezi 5 yana kasi kubwa lakini huchoka mapema ukutani. Yale ya gigahezi 2.4 yana kasi ndogo lakini hufika mbali zaidi. Chumba cha nyuma kitumie ya 2.4. Masafa hayo hujaa sana mitaa yenye nyumba zilizobanana, na jiko la maikrowevu hufanya kazi karibu na hapohapo. Ukiweza kuingia kwenye mipangilio ya ruta, chagua chaneli 1, 6 au 11, ambazo haziingiliani, uone ipi ina utulivu.

Namna ya kujaribu ni muhimu kama jaribio lenyewe. John Stuart Mill, katika kitabu chake A System of Logic cha mwaka 1843, alieleza kwamba hali mbili zikifanana kwa kila kitu isipokuwa kimoja, na matokeo yakatofautiana, basi hicho kimoja kinahusika. Kwa hiyo badilisha jambo moja kwa wakati, kwa simu ileile, katika saa ileile. Zipo programu za simu zinazoonyesha nguvu ya mawimbi kwa namba hasi. Karibu na -50 ni nzuri sana, -67 inatosha kwa simu ya video, na -80 ni dhaifu mno. Andika namba ya kila chumba kabla na baada ya kuhamisha.

Kama bado haitoshi, dawa bora ni kuvuta waya hadi kifaa cha pili cha WiFi. Kifaa cha kurudia mawimbi ni rahisi zaidi, ila kikipokea na kutuma kwa masafa yaleyale kasi huweza kushuka hadi nusu. Usikiweke ndani ya chumba kisicho na mtandao, maana hakitakuwa na cha kurudia. Kiweke katikati ya safari.

Limebaki swali ambalo programu haiwezi kulijibu: ni nani anayekaa chumba cha nyuma? Mara nyingi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, bibi anayesubiri simu ya wanawe walio mbali, au dada wa kazi. Ruta nayo huwa chumbani kwa mwenye nyumba, kwa kuwa ndiye anayelipa. Tunashauri familia ikae pamoja jioni moja, izunguke na simu chumba hadi chumba, na ianze kupima kwa yule aliye mbali zaidi. Kazi hiyo haichukui saa nzima, na haigharimu zaidi ya waya wa kuongezea umeme.