Brandi ya karamu: kipimo kishikwe na mama



Kila tunapopokea dote, chupa ya brandi haikosi mezani. Mjomba ameileta, au shemeji aliyetoka safari. Katika karamu moja ya mwenzetu tuliiacha chupa mikononi mwa vijana. Walimimina kwa macho, kilauri kikijaa kama cha bia. Saa moja haikupita, chupa ikaisha, na wazee wa pande mbili wakaanza kurushiana maneno juu ya mbuzi ambao walikuwa wamekwisha kukubaliana. Tangu siku hiyo tuliamua: brandi ikiingia nyumbani, itapimwa, na atakayepima ni sisi.

Brandi ni divai iliyochemshwa na mvuke wake kukusanywa. Jina limetoka kwa Waholanzi, nalo maana yake ni divai iliyochomwa. Ile inayoitwa cognac hutoka Ufaransa, na hukaa ndani ya pipa la mti wa mwaloni miaka 2 au zaidi. Kwa kawaida brandi ina alkoholi asilimia 40. Bia nyingi zina kama 5.

Mchanganyiko wake unaojulikana sana unaitwa Sidecar, jina la kile kigari cha abiria kinachofungwa ubavuni mwa pikipiki. Maelezo yake yalichapishwa katika vitabu vya mwaka 1922. Vipimo ni hivi: brandi mililita 50, pombe tamu ya machungwa mililita 20, maji ya ndimu mililita 20.

Sasa tufanye hesabu. Pombe ya machungwa nayo inaweza kuwa na asilimia 40. Basi kilauri hicho kidogo kina mililita 28 za alkoholi tupu. Chupa kubwa ya bia ya sentilita 72, yenye asilimia 5, ina 36. Mgeni akinywa vilauri viwili vidogo, amepita chupa moja na nusu ya bia, na bado anafikiri hajaanza.

Namna tunavyoifanya nyumbani

Pombe ya machungwa ni ya bei, kwa hiyo tunapika sharubati. Osha machungwa 2, menya ganda la juu tu, lile jeupe uliache kwa sababu ni chungu. Chemsha na gramu 100 za sukari na mililita 100 za maji, dakika 10. Acha ipoe, chuja.

Kwa mtu mmoja: brandi 50, ndimu 20, sharubati 20. Tumia kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na dawa ya kikohozi. Kina mistari ya kupimia. Tia vyote katika chupa ya mdomo mpana pamoja na barafu, funga kifuniko, tikisa mpaka chupa iwe baridi mkononi. Mimina kwa kichujio cha chai. Ladha si ile ya Ufaransa kabisa, lakini ni nzuri, na alkoholi imeshuka kutoka 28 hadi 20. Chupa ya sentilita 70 inatosha watu 14, kila mtu kimoja.

Barafu ifanywe kwa maji yaliyochemshwa. Kipindupindu hakiogopi frigo, na pombe ya kilauri haitakiua.

Chupa ambayo kifuniko chake kimefunguliwa usiinunue, hata ikiwa na bei ya kuchekesha. Usitie kanyanga wala lutuku mahali pa brandi. Pombe iliyopikwa vibaya au kuchanganywa na wauzaji inaweza kuwa na methanoli, ambayo huharibu macho na kuua, na huwezi kuitambua kwa ladha.

Na wasiokunywa?

Hapa ndipo tunaposahau wenzetu. Mwenye mimba, anayenyonyesha, anayemeza dawa za kifua kikuu, dereva wa pikipiki: hao wote wasiletewe brandi. Mtoto asionjeshwe hata kijiko. Pombe hushusha sukari ya damu yake haraka. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na hatari kwa afya. Ndiyo maana hatumlazimishi mtu.

Wao watengenezewe kinywaji cha heshima ileile. Twanga gramu 200 za tangawizi, chemsha katika lita 1 ya maji dakika 15, chuja, ongeza sharubati ya machungwa na ndimu. Kikiwa baridi, tia ndani ya vilauri vilevile, na kipande cha chungwa ukingoni. Tulipofanya hivyo, hakuna aliyeuliza nani anakunywa nini, na mama mkwe aliomba cha pili cha tangawizi.

Kilauri kimoja cha kukaribisha, kisha chupa irudi kabatini na chakula kije. Ufunguo wa kabati ubaki kwa mama.