Picha za Ndoa na Daftari la Chini ya Meza

Mama mmoja wa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, aliingia sekretaria akiwa ameishika simu kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba sahani ya mchuzi. Kwa msomaji asiye wa hapa: sekretaria ya Lubumbashi si mtu, ni kibanda. Kina kompyuta moja au mbili, printa na mashine ya fotokopi, na kando ya barabara ya Kasapa, kuelekea chuo kikuu, viko vingi. Mimi nilikuwa nasubiri kurasa zangu zitoke. Yeye alikuwa anasubiri picha za ndoa ya binti yake aliyeolewa Ubelgiji. Zilikuwa zimefika tangu Jumatatu, na siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

“Mwanangu, banasema picha iko humu ndani. Miye naona tu maandishi.”

Kijana wa kibanda akaitazama simu. “Mama, hii inaomba konte,” yaani akaunti. “Uko na e-mail?”

“Niko na namba ya simu tu.”

Kijana hakushangaa. Alitoa daftari la shule chini ya meza, akalifungua karibu na mwisho, akaanza kumtengenezea mama yule anwani mpya ya barua pepe na neno la siri, huku akiandika kila kitu kwa kalamu ya bik ya buluu. Nilichungulia, nakiri. Kurasa na kurasa zilijaa majina ya watu, anwani zao na maneno yao ya siri, mengine yakiwa majina ya watoto na mwaka wa kuzaliwa. Nilipomuuliza kwa nini anayatunza, alinijibu kwa upole kabisa: “Banasahau, yaya. Banarudi hapa, minabakumbusha.”

Kwa hiyo mlango uliowekwa ili kulinda picha za familia ulikuwa umeishia kwenye daftari ambalo mteja yeyote angeweza kulitia kwapani na kuondoka nalo. Aliyeweka sharti la akaunti alidhani anajua nani anafungua. Hakujua. Aliyeshika funguo alikuwa kijana wa fotokopi.

Binti wa Ubelgiji hakuwa na nia mbaya. Alipakia picha zake kwenye hifadhi ya mtandaoni, akanakili kiungo, akakituma kwa WhatsApp. Kwake kilifunguka, kwa sababu kivinjari chake kinamjua. Hapo ndipo wengi tunaponaswa. Kwenye Google Drive, kwa mfano, faili jipya la mtu binafsi huanza likiwa limefungwa: wanaoliona ni mwenyewe na wale aliowataja. Ili mama wa Katuba alione, mwenye faili lazima aende mwenyewe kwenye mpangilio wa kushirikisha na kuchagua kwamba yeyote mwenye kiungo aruhusiwe kutazama. Asipofanya hivyo, anayebonyeza hukutana na ukurasa wa kuingia, au kitufe cha kuomba ruhusa. Ombi hilo nalo huenda kwenye barua pepe ambayo mtumaji ataifungua wiki ijayo.

Kipimo chake ni rahisi, na sijui kwa nini hatufundishwi siku ya kwanza tunaponunua simu. Kabla ya kutuma kiungo, kifungue kwenye dirisha la faragha la kivinjari, lile lisilokumbuka wewe ni nani. Kikifunguka humo, kitafunguka Katuba. Kikidai jina, bado hujatuma kitu.

Lakini kufunguka peke yake hakutoshi katika mji ambao watu hununua intaneti kwa vipande, mega kwa mega. Mpiga picha wa ndoa akitoa picha 300, kila moja mega 8, hizo ni mega 2,400. Mama akibonyeza bila kuambiwa, fungu lake lote la intaneti limekwisha kabla hajafika kwenye keki. Mtumaji mwenye adabu huandika kwa maneno juu ya kiungo: hizi ni picha za ndoa, ziko 300, ni nzito, anza na hizi 12 nilizozipunguza. Kama ni hati, huituma kwa PDF badala ya muundo unaodai programu ambayo simu ya mwenzake haina. Na kama kiungo kitakufa baada ya siku kadhaa, husema kitakufa lini. Picha za mama zilisubiri tangu Jumatatu hadi Ijumaa. Ziko huduma ambazo kwa muda huo zingekuwa zimeshafuta kila kitu.

Zipo huduma zilizoelewa mapema shida ya kudai akaunti. WeTransfer, iliyoanzishwa Amsterdam mwaka 2009, ilijipatia jina kwa jambo moja tu: anayepokea hafungui akaunti, anabonyeza na kupakua. Mozilla nao walizindua Firefox Send mwaka 2019. Mpokeaji hakuulizwa chochote, faili lilikuwa limefungwa kwa msimbo, na mtumaji angeweza kuweka muda wa kufa kwake. Ilidumu kidogo. Wahalifu waliipenda kwa sababu ileile tuliyoipenda sisi, wakaitumia kusambaza programu hasidi, na Septemba 2020 ikafungwa moja kwa moja.

Sitaki basi kudai kwamba kila kitu kiachwe wazi. Kiungo kisichodai akaunti ni ufunguo usioandikwa jina, na ufunguo huo ukiangukia kundi la WhatsApp la ukoo lenye watu 200, umeshafika Kinshasa na Johannesburg kabla ya chakula cha jioni. Picha za ndoa zinavumilia hayo. Pasipoti au majibu ya hospitali hayavumilii. Kwa vitu vya namna hiyo, tumia huduma inayokuruhusu kuweka neno la siri kwenye kiungo chenyewe, kisha mpigie mwenzako simu umtajie kwa mdomo. Hapo halihitajiki daftari, na ukishajua amepokea, unakifunga kiungo.

Mji wetu, kwa bahati, una mfano mzuri wa mlango wazi, ingawa mlango wenyewe uko mbali. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, historia ya Elisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa zamani, kwa Kiswahili chetu cha hapa, kile ambacho walimu wa sarufi hukikunjia uso. Kijitabu hicho kingeweza kupotea kama karatasi nyingi za wakati ule. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Katanga na kufundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi miaka ya 1970, alikichapisha pamoja na tafsiri mwaka 1990. Ni kitabu cha kitaaluma, si cha kununuliwa na mtu wa kawaida wa mtaa wetu wa Kamalondo. Baadaye yeye na wenzake waliyaweka maandishi hayo kwenye hifadhi ya mtandaoni huko Amsterdam, pamoja na mazungumzo yake na Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyeichora historia ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, kwa picha zaidi ya 100 katika miaka ya 1973 na 1974.

Kurasa hizo ni maandishi matupu, hazina mapambo. Hazidai jina wala barua pepe, na mega moja inakufikisha mbali. Nimesoma tasnifu kadhaa kuhusu mji huu zikiwa zimefungwa nyuma ya malipo ya dola, lakini sauti ya watumishi hao wa zamani, iliyoandikwa mwaka 1965, inafunguka kwenye simu ya bei nafuu kabisa.

Siku ile, mama wa Katuba alipokuwa bado anangoja ujumbe wa kuthibitisha anwani yake mpya, nilimtumia kijana kiungo cha kurasa hizo. Akabonyeza, kikafunguka. Alisoma mistari michache kwa sauti, akacheka kwa kukuta maneno ya nyanya yake yameandikwa, kisha akaniuliza, “Hii haiombi kitu?”

“Haiombi.”

Akaishusha simu mezani, akafunika daftari. Halafu akamwomba mama namba ya binti yake wa Ubelgiji, ili ampigie amwambie abonyeze wapi.