Programu Nyepesi, Sehemu ya Nne: Bomba la McIlroy na Komine 42

Burundi iliingia katika uchaguzi wa Juni 2025 ikiwa na ramani mpya: mikoa 18 imekuwa mitano, na komine 119 zimekuwa 42. Karani mwenye daftari alikata jina la zamani akaandika jipya. Mwenye programu ambayo mikoa yote 18 imeshindiliwa ndani ya msimbo wake hana budi kumwita fundi.

Mkaazi wa Mutakura, jijini Bujumbura, anaujua usumbufu huu tangu zamani. Kartiye yake ilikuwa katika komine ya Cibitoke, kabla komine 13 za jiji kuunganishwa zikabaki tatu. Tangu hapo iko Ntahangwa, na Cibitoke imebaki kuwa zoni. Ilikuwepo pia Cibitoke nyingine, mkoa mzima wa kaskazini-magharibi, ambao sasa umeingizwa katika mkoa wa Bujumbura. Programu inayotambua mahali kwa jina tupu itazichanganya mbili hizo.

Dawa ya programu ngumu kubadilishwa ilikwisha kupatikana Marekani, katika maabara za Bell, ambako mfumo wa kompyuta wa Unix ulizaliwa mwaka 1969. Hapo palikuwa na Doug McIlroy. Mwaka 1964 alikuwa ameandika kwamba programu ziunganishwe kama vipande vya mpira wa kumwagilia bustani. Alishikilia neno hilo kwa miaka tisa, hadi mwaka 1973 Ken Thompson, mmoja wa waundaji wa Unix, alipolitia bomba hilo ndani ya mfumo huo kwa usiku mmoja. Tangu hapo kinachotoka katika programu moja kikaingia katika nyingine, yote kwa maandishi ya kawaida ambayo mtu anaweza kuyasoma kwa macho yake.

Ubora wa bomba hilo ulidhihirika mwaka 1986. Donald Knuth, bingwa wa sayansi ya kompyuta, aliombwa aandike programu ya kutafuta maneno yanayojirudia zaidi katika maandishi. Akatoa kazi nzuri ajabu, ya kurasa kadhaa. McIlroy, aliyepewa kuihakiki, akaisifu, kisha akaweka kando yake amri sita tu: tenga kila neno mstari wake, geuza herufi kubwa kuwa ndogo, panga, hesabu yanayofanana, panga tena kwa wingi, onyesha ya mwanzo. Kwa haki, Knuth alikuwa ameombwa aonyeshe mtindo wake wa uandishi, si ufupi. Hata hivyo, fundi mwenye majivuno ausome mkasa huo mara mbili, maana wengi hujaza vitufe ili mteja aone fedha yake imefanya kazi.

Turudi kwenye komine. Kwa mtindo huo huo wa maandishi ya kawaida, orodha ya komine ikae katika faili la maandishi, nje ya msimbo, kila mahali pawe na namba yake isiyobadilika hata jina likibadilika. Basi, wewe unayeagiza programu ya shule, zahanati au ushirika, kabla hujalipa mwulize fundi: orodha ya komine iko wapi, na karani wangu anaweza kuibadilisha mwenyewe?