Kizingiti cha Mlango wa Kara

Mwezi wa Agosti 1893, merikebu Fram ya Fridtjof Nansen, Mnorwei aliyekuwa akiielekea Ncha ya Kaskazini, ilifika karibu na visiwa vya Nordenskiöld katika pwani ya Siberia, na hapo, ijapokuwa bahari ilikuwa shwari na mtambo ukivuma kwa nguvu zake zote, ikawa haiendi ila kwa kujikokota, kana kwamba mkono umeushika mkuku wake. Mabaharia wa Norwei waliiita hali hiyo maji maiti, nasi tusiichanganye na maji mafu ya pwani yetu, ambayo yanafuata hesabu ya mwezi. Nansen hakukubali ajabu hiyo ibaki kuwa masimulizi ya mabaharia. Alimuuliza mwanachuoni Vilhelm Bjerknes, naye akamkabidhi swali mwanafunzi wake Vagn Walfrid Ekman, aliyetandaza maji matamu juu ya maji ya chumvi ndani ya hodhi, akavuta kijimerikebu juu yake, na mwaka 1904 akabainisha kwamba nguvu za merikebu zilikuwa zikipotea katika kuumba mawimbi yasiyoonekana kwa macho, yapitayo baina ya tabaka mbili za maji.

Wimbi tulijualo hupanda na kushuka pale maji yakutanapo na hewa; lakini maji mepesi yakilala juu ya maji mazito, mpaka wao nao huwa kama uso wa bahari ya pili, na kwa kuwa uzito wa tabaka hizo umehitilafiana kidogo mno, wimbi la huko chini huinuka kwa wepesi, hata likafikia makumi ya mita, na huenda polepole, aghalabu lisimpite mtu atembeaye kwa miguu.

Mahali pa kuyatazama mawimbi haya ni Mlango wa Kara, baina ya Novaya Zemlya na kisiwa cha Vaygach, nao ni mlango kwa maana kamili, maana una hata kizingiti: tuta la chini ya bahari ambalo maji hayana budi kulipanda yakitaka kupita. Upande wa mashariki mito Ob na Yenisei humwaga maji matamu, nayo barafu ikiyeyuka huyaongeza. Upande wa magharibi yako maji ya Bahari ya Barents, yenye chumvi zaidi. Maji yakijaa na kupwa, kila saa 12 na dakika 25, mkondo hukirukia kizingiti hicho, na mpaka wa tabaka ukadidimia nyuma yake kama shimo. Mkondo ulegeapo, shimo lile hupata uhuru, likaondoka na kufumuka kuwa msafara wa mawimbi.

Kuyaona kwataka subira. Merikebu hutia nanga, na watu wake, usiku na mchana, wakateremsha na kupandisha vyombo vya kupima joto na chumvi hadi mzunguko mzima wa maji utimie, kwani mwenye kupima mara moja akaondoka hajui kama alikuta kilele cha wimbi au bonde lake. Tangu setilaiti zianze kubeba rada, msaada mkubwa umepatikana: mkondo wa wimbi lililo chini huyakusanya mahali pamoja yale mawimbi madogo ya juu, ya urefu wa sentimita chache, na mahali pengine huyatawanya, basi rada huona mistari myeupe na myeusi ikifuatana, wala haizuiwi na mawingu wala na usiku wa miezi wa huko.

Lakini barafu ikishaufunika uso wa bahari, mistari hiyo hutoweka, na hapo hubaki kamba zilizofungwa vipimajoto, zimetiwa nanga chini na kushikiliwa wima na maboya yasiyofika juu, zikiandika kila wimbi lipitalo gizani, hadi kiangazi kirudi na merikebu ije kuzichukua.