Maji ya ziwani huandikwa sifuri

Linganisha matumizi ya kaya za Uvira, mji wa Kongo (RDC) kando ya Ziwa Tanganyika, na ya kaya za wavuvi kusini yake, upande wa Makobola, na daftari la mtakwimu litakuambia mjini wanatumia zaidi. Ni kweli, ila hesabu yenyewe ina upofu wake. Muhogo uliolimwa na kuliwa nyumbani hukadiriwa bei ya soko na kuandikwa. Maji aliyochota binti ziwani, mara nyingi, huandikwa sifuri. Mama wa mjini anayenunua maji kwa bidoni ataonekana ana nafuu kuliko mwenzake wa kijijini, na wote wawili hawana robine.

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, ibara ya 48, inadhamini maji safi na umeme bila kuuliza mtu anakaa wapi. Mpaka kati ya mji na kijiji ulichorwa na watekelezaji: miji ikashikwa na REGIDESO, shirika la maji la serikali, vijiji vikaachiwa SNHR, idara ya maji ya vijijini ambayo kwa sehemu kubwa imeishi kwa fedha za wafadhili.

Na huko mjini nako robine haijamaliza shida. Kiwanda cha maji cha Uvira huchukua maji ya mto Mulongwe, na mitambo yake inangoja umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa. Mitambo ikisimama, watu wanarudi ziwani. Watafiti waliochambua takwimu za kituo cha kutibu kipindupindu mjini humo, 2009 hadi 2014, walikuta kwamba baada ya siku isiyo na maji ya bomba, wagonjwa walioshukiwa kuwa na kipindupindu waliongezeka kwa 155% katika siku 12 zilizofuata, kulinganisha na siku ambayo maji yalizalishwa vya kutosha. Asilimia 23.2 ya waliolazwa ilihusishwa na upungufu huo. Cha kushangaza, athari ilikuwa kali zaidi katika mitaa inayotumia sana maji ya bomba, ile ambayo daftari huiona imeendelea.

Sasa tazama kinachoandikwa siku hiyo ya ukame wa robine. Kaya imenunua bidoni, imenunua makaa ya kuchemshia, pengine imelipa pikipiki kumpeleka mgonjwa. Matumizi yamepanda! Haki imeshuka.

Ningekuwa mwenye dodoso, kabla ya kuuliza faranga ningeuliza dakika za kwenda na kurudi majini, kisha siku ambazo robine ilitoa maji juma lililopita. Mwambao wote, mjini na kijijini, maswali yaleyale.